Kutu Katika Gari la Zamani

Huenda miongoni mwenu yupo aliyerithi Land Rover ya zamani, ya ule ukoo uliodhihirishwa kwa umma huko Amsterdam mwaka 1948, naye akadhani kwamba, maadamu bodi yake ya aluminiamu haishiki kutu, basi gari zima li salama. Ilhali fremu yake ni ya chuma, nayo huliwa kutoka ndani, ambako unyevu na chumvi ya pwani hukaa siku nyingi pasipo jicho kufika. Kwa hiyo, kabla ya kununua hata kopo moja la rangi, igongegonge fremu hiyo kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu, na pengine hutoboka papo hapo. Palipooza pakatwe, pachomelewe bamba jipya, baada ya kuliondoa tangi la petroli na kufungua nyaya za betri. Kupaka rangi juu ya kutu ni hadaa tupu. Ama wale wanaotamani injini yenye nguvu zaidi, nawasihi waanze na breki, kwani zile za asili hazikukadiriwa kwa mwendo wa injini kama hiyo. Na kuchomelea, asiyekuwa na ujuzi amwachie fundi.