Rinda Moja, Siku Tatu

Leo tusifichane. Kuna wenzetu walioacha kuja mkutanoni kwa aibu ya kurudia rinda moja. Wengine tulikopa pesa za kikundi tukanunua nguo, karo ikabaki deni.

Rinda la rangi moja latosha. Jumatatu tulifunge mshipi, tuvae na shanga za rangi ya mshipi huo. Jumatano ni leso. Huuzwa mbili mbili: moja kiunoni, ya pili mabegani. Lakini tusome maandishi yake kabla ya kununua, yasije yakatugombanisha na jirani! Ijumaa, kitambaa kichwani na herini basi. Tusivivae vyote mara moja tukawa kama duka.

Mkutano ujao tuje sote, hata na rinda lile lile. Kiti cha mwenzetu kisibaki tupu kwa sababu ya nguo.