Kodi inatupata kila siku, mushahara wa sheria hautufikie



Kuko namba moja yenye patron hapendi uijue: SMIG, ndio mushahara wa chini kabisa wenye sheria inaruhusu. Tangu 2018 ilikuwa franga 7.075 kwa siku. Wakati ule ilipita dola 4. Franga ikaanguka, na mu 2024 ilibaki karibu dola 2 na nusu. Miaka saba namba haikusogea! Mu 2025 serikali ikaipandisha: 14.500, kisha 21.500 kuanzia Januari 2026. Kwa siku 26 za kazi, ni franga 559.000.

Ni vizuri. Lakini nani kati yetu anazishika? Sentineli anayechunga duka usiku muzima, dada anayeuza ndani yake, kijana wa shantie: wengi hawana hata karatasi ya kazi.

Sasa tuangalie kodi. Kule hakuna anayesahauliwa. Mama wa soko, auze ao asiuze, pesa ya soko anaombwa. Na munakumbuka RAM? Tangu 2020 walikata unite mu simu zetu: dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G ao 4G. Mudepite dola 7, sentineli dola 7. Mudepite hakusikia kitu. Kwa sentineli wa SMIG, ilikuwa kazi ya siku mbili. Wanasema ni sawa kwa wote, kumbe inamuminya mwenye kidogo.

Angalieni vizuri: kwa kukata dola 7, Leta ilifikia simu ya kila mutu. Kwa kulinda mushahara, haifikie hata mulango wa patron.

Lakini RAM haikuanguka yenyewe. Raia walikataa, wakapiga kelele kila siku, na mu 2022 ikaondolewa. Tufanye vile na mushahara. Uliza karatasi ya malipo. Piga hesabu. Kama iko chini ya sheria, musiende mumoja mumoja, juu mutu peke yake anafukuzwa. Muende pamoja ku ofisi ya ukaguzi wa kazi, na barua yenye sini zenu wote.

Na serikali tunaiomba mambo mawili: itume wakaguzi ku makampuni na maduka, na kodi ifuate mapato ya mutu.

Sheria isiyolipwa ni karatasi tu. Tuidai.