Majoho ya Chekechea

Mwishoni mwa mwaka jana nilialikwa kwenye mahafali ya chekechea hapa mtaani kwetu Ijuganyondo. Wahitimu walikuwa watoto wa miaka mitano na sita, wamevaa majoho na kofia zenye vishada. Walituimbia herufi za Kiingereza kuanzia A hadi Z bila kukosea. Nilipiga makofi. Kisha nikatazama kuta za darasa, sikuona mchoro hata mmoja wa mkono wa mtoto.

Mimi mikono yangu ilijifunza mapema, maana nimekulia kibanjani, kwenye shamba la migomba. Gari langu la kwanza nililitengeneza kwa mgomba, magurudumu ya mgomba, ekseli kijiti. Likiteremka kilima gurudumu linachomoka, narudi kukata jingine nene zaidi. Miaka mingi baadaye, nimemaliza chuo kikuu na bahasha ya vyeti imechakaa mkononi kwa kutafuta ajira, mazoea yale ndiyo yaliyonifaa. Nilianza kurekodi simulizi za wazee kwa simu, nazifuta, narudia, mpaka zikasikilizika. Ndiyo njia iliyonileta kwenye kipaza sauti hiki.

Wazee wetu wana ushahidi mzito kuliko wangu kwamba mazoea ya namna hiyo hayapotei. Katika miaka ya 1970, mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwaomba wazee wa Kihaya wajenge tena tanuri la kuyeyushia chuma. Kazi hiyo ilikuwa imekufa kwa miongo kadhaa, chuma cha kigeni kimeshaiua, ila wao waliishika ujanani. Wakafinyanga mirija ya udongo, wakachoma matete ya bwawani kuwa makaa, wakavukuta. Wakajaribu na kurudia hadi chuma kikapatikana. Habari zao zikachapishwa mwaka 1978 katika jarida la Science, pamoja na za matanuri ya kale yaliyofukuliwa huku kwetu, mengine ya karibu miaka 2,000. Mikono ile ilifundishwa mapema, na uzeeni ilikuwa bado inakumbuka. Hata jina la mtaa wetu, Ijuganyondo, limebeba nyondo, yaani nyundo kwa Kihaya!

Serikali nayo haipingi mikono kufundishwa mapema. Sera ya elimu nchini, toleo la 2023, inataka kila mtoto apate mwaka mmoja wa elimu ya awali. Mtaala unasema ajifunze kwa michezo, darasa liwe na kona za ujifunzaji. Shule ya msingi nayo ina somo la Sanaa na Michezo. Wanaokwamisha ni sisi wazazi. Tunahesabu kurasa za daftari zilizojazwa, na mwalimu anayewatoa watoto nje wakafinyange udongo tunasema anakula ada yetu bure. Mwalimu huyo namtetea, na nitaendelea kumtetea.

Siku ile ya mahafali, keki ikikatwa, mhitimu mmoja alijitenga uani. Alikuwa amechomoa kishada cha kofia, anakifunga kwenye kijiti kwa ukambaa wa mgomba, ulimi nje, ametulia kabisa. Mama yake akaja mbio, kofia ni ya kukodi, akamnyang'anya. Sikuwahi kumwuliza alikuwa anatengeneza nini.