Chombo Kilichorushwa Ngomeni

Mazungumzo ya leo tumeyakusudia hasa kwa watoto wa shule, lakini wazee hawakukatazwa kuketi karibu na kusikiliza.

Juma lililopita tulieleza ya kuwa dunia ni mviringo mfano wa chungwa, na ya kuwa hujizungusha yenyewe mara moja kwa mchana na usiku wake. Tangu hapo watoto wengi wametuuliza swali moja, nalo ni hili: Ikiwa dunia yazunguka, mbona hatuhisi? Mbona mtu akiruka juu huanguka pale pale aliporukia? Mtoto mmoja aliongeza maneno ya ukali kidogo, ya kuwa yeye huandika hivyo katika mtihani ili apate alama, lakini moyoni haamini. Sisi twampenda mtoto huyo. Afadhali mtu asemaye kuwa haamini kuliko mtu akaririye asilolielewa. Leo twataka kumjibu, wala si kwa maneno matupu, bali kwa habari ya kazi iliyofanyika katika pwani ya Kenya. Kazi ambayo, lau dunia ingekuwa imetulia, wenyewe wasingesafiri mbali namna ile kuja kuifanya huko.

Kwanza, jambo la kutohisi. Mtu aliyeketi ndani ya garimoshi liendalo kwa ulaini, na madirisha yamefungwa, hawezi kujua kwamba anakwenda. Akiangusha chungwa, chungwa huanguka miguuni pake. Haliendi kugonga ukuta wa nyuma. Sababu yake ni kwamba chungwa lenyewe lilikuwa likisafiri pamoja naye kabla halijamtoka mkononi, na mwendo ule haulitoki. Nasi ndivyo tulivyo. Dunia yatuchukua sisi, na nyumba zetu, na bahari, na hewa tunayoivuta, vyote kwa mwendo mmoja. Ndiyo maana hakuna upepo wa kutupiga usoni.

Lakini mwendo huo si sawa kila mahali, na hapa twawaomba watoto wachukue chungwa na kijiti chembamba. Choma kijiti kipite katikati ya chungwa, toka juu hata chini. Kisha tia nukta moja ya wino karibu na kijiti, na nyingine kwenye kiuno cha chungwa, pale palipo panene. Sasa zungusha. Nukta zote mbili zitamaliza mzunguko kwa wakati mmoja, lakini ile ya karibu na kijiti imezunguka duara dogo mno, na ile ya kiunoni imezunguka duara kubwa. Basi ile ya kiunoni imekwenda mbio zaidi. Kiuno cha dunia ndicho kiitwacho Ikweta, na urefu wa mzunguko wake ni kama maili 24,900. Gawanya kwa saa 24, utapata maili 1,037 na nusu kwa saa. Mtu aliyelala usingizi kitandani mwake Kisumu au Malindi huchukuliwa kwa kadiri ya mwendo huo, kuelekea mashariki, usiku kucha. Mtu wa Roma huchukuliwa kwa maili 770 tu hivi kwa saa, na aliyesimama penye ncha ya kaskazini haendi popote, hugeuka tu kama mlango juu ya bawaba.

Mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha Roma, jina lake Luigi Broglio, aliifikiri sana hesabu hii. Yeye na wenziwe walitaka kurusha setilaiti, yaani chombo kiizungukacho dunia kama mwezi uizungukavyo. Sasa, ni kitu gani kiuzuiacho mwezi, au chombo kama hicho, kisianguke? Watu wengi hudhani kwamba huko juu mvuto wa dunia umekwisha. Sivyo kabisa. Setilaiti huanguka saa zote, ila haifiki chini. Tufafanue. Kitu kilichoachiliwa huanguka futi 16 katika sekunde ya kwanza. Na kwa kuwa dunia ni mviringo, ukienda mbele moja kwa moja maili 5, uso wa dunia huwa umeinama chini yako kiasi cha futi 16 vilevile. Basi kitu kikiweza kwenda maili 5 kwa kila sekunde, kila kinapoanguka futi 16, ardhi nayo imekimbia futi 16. Kitaanguka, kitaanguka, na kuizunguka dunia nzima bila kuigusa. Hapa chini hewa ingekizuia na kukiunguza; ndiyo sababu lazima kwanza kipandishwe juu ya hewa.

Maili 5 kwa sekunde ni mwendo wa kutisha. Kwa saa ni maili 18,000, na ukipanda juu kidogo zatosha kama 17,000. Roketi hubeba baruti na mafuta mengi kuliko mzigo wake mara nyingi sana, na yote ni kwa ajili ya kuupata mwendo huo. Lakini roketi iliyosimama penye Ikweta, hata kabla haijawashwa, imekwisha kupewa na dunia maili elfu na zaidi kwa saa, bure bila ya malipo. Ikirushwa kuelekea mashariki, upande ule ule dunia inakogeukia, hushika safari na akiba hiyo mkononi. Ni sehemu moja katika 16 ya mwendo wote unaotakiwa. Mtu mvivu wa hesabu atasema kuwa ni kidogo. Lakini kwa roketi ndogo, hiyo ndiyo tofauti ya kufika na kutofika.

Basi ilitakiwa mahali karibu na Ikweta, penye bahari tupu upande wa mashariki, ili vipande vya roketi vidondokavyo njiani visimwangukie mtu. Mtoto mwenye ramani ataona mwenyewe ni wapi. Waitalia walichagua ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi, mbele ya kijiji cha wavuvi kiitwacho Ngomeni. Huko wakasimamisha baharini majukwaa ya chuma juu ya miguu mirefu iliyokita katika sakafu ya bahari. La kurushia liliitwa San Marco, na la wasimamizi liliitwa Santa Rita. Mwezi wa Aprili 1967 setilaiti ya kwanza iliondoka pale.

Pwani ile haikuwa ngeni kwa elimu ya nyota. Manahodha wa majahazi waliishika njia ya Bara Hindi kwa kupima kimo cha nyota ya Jaa, ambayo mtu wa Malindi haioni, kwa maana iko chini ya upeo wake, lakini akisafiri kaskazini huiona ikiibuka na kupanda usiku hata usiku. Vasco da Gama alipofika mwaka 1498 alimpata mwana wa maji wa kumvusha kutoka Malindi hapo hapo. Lakini turudi kwenye majukwaa yetu.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikisherehekea mwaka wa saba wa uhuru wake, roketi ya Kimarekani iitwayo Scout ilirushwa kutoka San Marco kwa mikono ya Waitalia, ikiwa imebeba chombo cha Wamarekani chenye uzito wa ratili 310 hivi, sawa na watu wazima wawili. Msimamizi wa kazi ile alikuwa bibi mmoja, Marjorie Townsend. Kwa kuiheshimu siku ile na nchi ile, chombo kikaitwa Uhuru. Kilizunguka juu ya nchi za katikati ya dunia, mara moja kwa kila dakika 96, katika kimo cha maili 330 hivi.

Kazi yake ilikuwa nini? Ilikuwa kutazama nyota kwa jicho ambalo sisi hatuna. Mtu aliyevunjika mfupa hupelekwa hospitali akapigwa picha ya eksirei, miale ipenyayo nyama na kuuonyesha mfupa. Ziko nyota zitoazo miale hiyo hiyo, lakini hewa yetu huizuia yote isifike chini, nayo ni rehema kubwa kwa miili yetu. Hasara yake ni kwamba mtu aliye ardhini, hata akiwa na darubini kubwa kama nyumba, hawezi kuiona. Mwaka 1962 Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Italia aliyefanya kazi Marekani, alirusha pamoja na wenziwe roketi iliyokaa juu ya hewa kwa dakika zisizozidi 6, ikaanguka. Katika dakika hizo waliona mng'ao wa eksirei kutoka upande wa kundi la nyota liitwalo Nge. Ni kama mtu aliyefunguliwa mlango wa nyumba ya ajabu, ukafungwa tena kabla hajaingiza mguu. Uhuru ndicho chombo cha kwanza kilichokaa huko juu kwa kazi hiyo peke yake, nacho kilifanya kazi hata mwezi wa Machi 1973. Orodha ya mwisho iliyotokana nacho ina mahali 339 palipotoa eksirei.

Hatuwezi kuyaeleza yote 339. Tueleze mawili tu.

La kwanza liitwa Centaurus X-3. Chombo kilipolitazama, mng'ao wake ulikuwa ukipiga kama moyo. Watoto, hesabuni pamoja nasi taratibu: moja, mbili, tatu, nne, tano. Hapo, kwa kupungua kidogo, pigo moja. Kila sekunde 4.8, bila ya kukosea. Na baada ya siku mbili na kidogo mng'ao ulitoweka kabisa, kisha ukarudi. Wataalamu walifikiri, wakaelewa. Nyota hiyo ni mabaki ya nyota kubwa iliyokufa, iliyojikunja hata ikawa na uzito unaolishinda jua letu, lakini upana wake ni kama maili 12 tu. Inazungukana na nyota nyingine kubwa, na kila ikipita nyuma ya mwenzake hufichika, kama jua lifichwavyo na mwezi siku ya kupatwa. Huinyonya hewa ya mwenzake, na hewa ile ikiporomoka juu yake huwa moto wa mamilioni ya digrii. Moto huo ndio utoao eksirei.

La pili ni Cygnus X-1. Hili lilikuwa limekwisha kuonekana na roketi ya 1964, lakini Uhuru ndicho kilichoonyesha tabia yake. Halina pigo la moyo. Humeta ovyo ovyo, kwa upesi usiofika sekunde moja. Kitu kikubwa hakiwezi kubadilika wote kwa upesi namna hiyo, basi lazima kiwe kidogo sana. Lakini walipoipima nyota ya bluu iliyo karibu nacho, waliona yazungushwa na kitu kizito mno kisichoonekana. Kitu kidogo, kizito, cheusi: hapana jina lingine ila shimo jeusi, mahali ambapo mvuto ni mkali hata mwanga wenyewe hauwezi kutoka. Wako waliobishana kwa miaka, nao hatuwalaumu. Leo karibu wote wamekubali, na kipimo kilichotolewa mwaka 2021 chasema uzito wake ni kama jua letu mara 21. Umbali wake ni kiasi kwamba mwanga, uendao maili 186,000 kwa sekunde, huchukua miaka 7,200 hivi kutufikia. Miale iliyokiingia chombo cha Uhuru ilikuwa imeanza safari kabla ya Piramidi za Misri kujengwa.

Giacconi alipewa nishani ya Nobel mwaka 2002. Chombo chenyewe kilikuwa kimekwisha kuteketea katika hewa mwezi wa Aprili 1979. Kutoka majukwaa ya Ngomeni zilirushwa setilaiti 9 kwa jumla, ya mwisho mwezi wa Machi 1988, na tangu hapo hapana iliyofuata. Neno Uhuru lasomwa katika vitabu vya elimu ya nyota vya mataifa yote. Na bado twakutana na vijana wa pwani hiyo hiyo wasiojua kwamba limetoka kwao. Hilo twaliona kuwa ni upungufu wetu sisi tunaofundisha, si wao.

Kijana mwerevu atatuuliza: Mbona setilaiti ya Kenya iitwayo Taifa-1 ilirushwa California, tarehe 15 Aprili 2023, wala si Ngomeni? Majukwaa hayakuwa yakirusha tena, hiyo ni sababu moja. Lakini iko nyingine, nayo yampasa yule mtoto wetu asiyeamini. Taifa-1 ilitengenezwa ipite juu ya ncha za dunia, kaskazini na kusini, ipige picha za mashamba na misitu huku dunia ikigeuka chini yake. Chombo kiendacho njia hiyo hakihitaji zawadi ya maili elfu kuelekea mashariki, kingelazimika kuitupa. Achukue chungwa lake tena, achore njia zote mbili kwa wino, ataona.

Na mwezi wa Septemba, usiku ukiwa safi, kati ya saa mbili na saa tatu, mwelekee kaskazini. Mtaona nyota zilizopangika kama msalaba mkubwa, ambazo watu wa kale walizifananisha na ndege mwenye shingo ndefu arukaye. Katikati ya shingo hiyo ndipo lilipo lile shimo jeusi. Macho hayatawaonyesha kitu, ila giza na nyota ndogo ndogo. Juma lijalo, majaliwa, tutaeleza jinsi mwezi uvutavyo bahari, na kwa nini bamvua haliji kila siku. Kwaherini.