Kikombe cha mchele

Maneno yaliyosemwa Kindu mbele ya familia za wakimbizi wa vita na viongozi wa makanisa

Mlituomba tuseme juu ya kupendana katika kanisa. Tutaanza na jambo lililotuumiza.

Tangu Goma ilipotekwa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, tumepokea familia nyingine kutoka Kivu. Siku ya sadaka ya mavuno, katika kanisa moja la hapa, mama mkimbizi alipanga mstari na kikombe cha mchele. Alikuwa ameupata kwa kulima shamba la mtu. Shemasi akamzuia kwa upole: "Mama, wewe ni mkimbizi. Rudi nao, ulishe watoto." Alidhani anatenda wema. Jumapili iliyofuata mama hakuja. Tulipomtembelea alituambia: "Katika kanisa ile mimi ni mdomo wa kula tu."

Tusimlaumu shemasi peke yake. Sisi wa mashirika tumewazoeza watu kutazama hivyo. Tunafika na daftari, tunaandika majina ya wakimbizi, na mwenye nyumba aliyewalaza watu kumi katika vyumba viwili anabaki mlangoni akitutazama. Kisha tunashangaa kusikia manung'uniko. Manung'uniko yale yana haki: mtoto wake pia amefukuzwa shuleni kwa kukosa malipo.

Someni Matendo ya Mitume, sura ya 6. Kanisa la kwanza kabisa, pale Yerusalemu, lilikuwa na ugomvi wa chakula. Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakusema, "Nyamazeni, tupendane." Walitaka wachaguliwe watu saba wa kusimamia kazi ile. Tazameni majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kigiriki. Inaonekana kanisa liliweka mgawo mikononi mwa upande uliolalamika. Jambo hilo tumelipita mara nyingi tukisoma.

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 2002, Kindu ilipozungukwa na Mayi-Mayi, na jeshi la RCD likiwa ndani ya mji. Kwenda shambani kulikuwa kutafuta kifo. Wengi wetu hapa tulikuwa watoto, na tulikula kwa sababu kuna jirani aliyegawa sombe yake. Wengine walikimbilia msituni, wakalala kwa watu wasiowajua. Nani kati yetu atasema hajawahi kuwa mkimbizi?

Basi kanisa lile lilifanya nini? Wazee walikwenda kwa yule mama kumwomba msamaha, na shemasi alikuwa mbele yao. Waliunda kamati ya watu watano. Watatu ni wakimbizi, na mama yule ndiye anayeshika ufunguo wa ghala. Familia moja ilitoa shamba ng'ambo ya Lualaba, upande wa Alunguli. Wenyeji na wakimbizi wanavuka pamoja kwa mtumbwi kulima. Mavuno yanagawanywa kwa wenye shida, awe mwenyeji au mgeni.

Si kwamba kila kitu kimetulia. Mzee mmoja aliuliza wazi: "Mgeni atashikaje ufunguo wetu?" Vilevile wamegombana juu ya mbegu, na mara moja watu hawakuvuka majuma mawili. Hata hivyo daftari husomwa kwa sauti mbele ya wote kila mwisho wa mwezi, na kila mmoja anaweza kuuliza.

Limebaki swali la misiba. Mkimbizi akifa, nani ananunua sanduku, na matanga yanakaa katika kiwanja cha nani? Kamati itakutana Jumamosi juu ya jambo hilo. Viongozi wa wakimbizi, tafadhali mfike na mawazo ya watu wenu. Wenyeji vilevile.