Kuwafundisha Watoto Hesabu ya Asilimia



Watoto wetu huliogopa neno "asilimia", nalo ni jepesi. Shilingi yetu, tangu mwaka 1921, ni senti 100; basi asilimia 10 ni senti 10 katika kila shilingi. Tuwaonyeshe hayo kwanza kwa fedha mkononi, ndipo tuandike ubaoni.

Kisha tuwaulize: mtu amekopa Shs. 100 kwa riba ya asilimia 10 kila mwezi. Katika mwaka mzima atalipa riba kiasi gani? Wengi watajibu Shs. 10. La, ni Shs. 120, na deni lenyewe lingali pale pale.

Asiyeuliza, "Kwa mwezi au kwa mwaka?" hujifunga kwa mkono wake. Na tuwafundishe swali hilo kabla hawajatia sahihi.