Bastola Bora ni Ile Isiyoachwa Nyumbani

Leo nataka tuzungumzie jambo ambalo wenye leseni za bunduki hulijadili chini kwa chini, ilhali linatuhusu sote kuanzia Maua hadi Siakago. Ni bastola ndogo ya mfukoni, ile ya pointi 22 au ya milimita 6.35, inayoweza kufichika kiganjani. Wengi huidharau. Wanataka Ceska kubwa ya milimita 9, kwa kuwa ndiyo waliyoizoea kuiona kiunoni mwa polisi.

Mimi nasema bastola hiyo ndogo inastahili kutetewa. Lakini itetewe kwa sifa iliyo nayo, isipambwe kwa sifa isiyo yake.

Hebu tumtazame anayeomba leseni huku kwetu. Ni mnunuzi wa miraa anayetoka Laare alfajiri na pesa taslimu, au mama mwenye duka la jumla mjini Embu anayefunga mlango saa mbili za usiku. Mtu huyu kutwa yuko kazini. Anainama juu ya magunia, anapanda matatu, anaketi benki na Jumapili yuko kanisani. Bastola kama CZ 75 ina uzito wa takriban kilo moja, na kitako chake hutokeza chini ya shati. Siku za kwanza ataibeba. Baadaye itaanza kumchosha, ataiacha kwenye gari au chini ya godoro. Siku atakayovamiwa haitakuwa naye. Mbaya zaidi, mwizi atakayevunja gari hilo ataondoka na silaha, au mtoto ataikuta akitafuta kitu cha kuchezea.

Hapo ndipo ubora wa bastola ndogo unapoonekana. Zipo ambazo hazifiki gramu 400, na mtu anaweza kushinda nayo mwilini bila jirani kujua. Mnakumbuka shambulio la Westgate, Septemba 2013. Raia wenye leseni, akiwemo Abdul Haji ambaye baadaye akawa seneta wa Garissa, waliingia na bastola zao kuwatoa watu walionaswa ndani. Silaha iliyofungiwa sandukuni nyumbani isingemsaidia mtu siku ile.

Sifa ya pili ni kwamba haina teke kubwa. Mzee mwenye mikono dhaifu anaweza kuilenga, akafyatua na kulenga tena bila mkono kuruka. Beretta walitengeneza bastola ndogo ambayo mtutu wake huinuka kwa nyuma ukisukuma wenzo mdogo ubavuni. Risasi ya kwanza huingizwa moja kwa moja kwenye mtutu, bila kuvuta sehemu ya juu kwa nguvu. Kwa mtu mwenye maumivu ya viungo, huo ni msaada mkubwa.

Sasa tuseme na udhaifu wake. Risasi ya milimita 6.35 ina uzito wa gramu 3 na ushei, wakati ile ya milimita 9 hufika gramu 7 au 8. Nguvu yake haifiki robo ya nguvu ya hiyo kubwa. Na hata kubwa nayo si hakika. Tarehe 11 Aprili 1986, huko Miami, Marekani, jambazi mmoja alipigwa risasi ya milimita 9 iliyoishia karibu na moyo. Aliendelea kupigana, na maafisa 2 wa FBI wakauawa siku hiyo. Ikiwa hiyo ilishindwa kumwangusha papo hapo, usitegemee muujiza kutoka kwa 6.35. Tena risasi ya pointi 22 huwashwa kwenye ukingo wa kitako chake, na aina hiyo hukataa kulipuka mara nyingi zaidi kuliko zile zinazowashwa katikati.

Kwa hiyo kazi ya bastola ndogo ni moja tu: kukupa nafasi ya kutoroka. Huwezi kwenda nayo kuwakabili wezi wa mifugo wanaovuka mpaka wa Isiolo kuingia Tigania na bunduki za AK-47. Hiyo ni kazi ya polisi na polisi wa akiba. Anayejaribu kuifanya kwa bastola ya mfukoni anaitafutia familia yake msiba.

Wala udogo haupunguzi uzito wa sheria. Sisi wa pande za Mlima Kenya tunalijua hilo vizuri. Mwaka 1956 Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alihukumiwa kifo kwa kupatikana na bastola, Webley Scott ya pointi 38, na risasi zake. Leo tuna Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, na chini yake kumiliki silaha ni ruhusa wala si haki. Desemba 2018, waziri wa wakati huo, Fred Matiang'i, alifuta leseni zote za raia, kila mmoja akatakiwa kuhakikiwa upya. Na ukifyatua, mahakama itakuuliza kama hatari ilikuwa mbele yako kweli, na kama nguvu uliyotumia ililingana nayo. Mwizi aliyekwisha kugeuka akakimbia, ukampiga mgongoni, huwezi kusema ulikuwa unajitetea.

Ushauri wangu ni huu. Kwanza punguza kinachomvuta mwizi: lipa na kulipwa kwa M-Pesa, usizoee njia moja wala saa moja. Ukiona bado maisha yako yamo hatarini, fuata utaratibu na uombe leseni. Ukiipata, chagua silaha utakayokaa nayo mwilini mchana kutwa, ujifunze kuilenga mara kwa mara, na usiku uifungie mahali ambapo mtoto hafiki. Na kama unajijua kuwa utaichoka, utaisahau kwenye gari au utaitoa baa ukibishana, basi usiiombe kabisa, iwe ndogo iwe kubwa. Majirani zako watakuwa salama zaidi, na wewe pia.